Fazi inayonong'ona: transista zimegeuka, na germanium si lazima

*Swali: Napiga gitaa la solo kwenye bendi ndogo hapa Morogoro. Pedali za dukani bei yake imenishinda, nikaamua kujitengenezea fazi, kile kiboksi cha kukanyaga kinachokwaruzisha sauti ya gitaa, kwa kufuata mchoro wa transista mbili. Mchoro ulitaka 2N3904, dukani hazikuwepo, nikapewa BC547 na kuambiwa ni kitu kilekile. Nimeunga kila kitu, lakini sauti ni ndogo, inakwaruza kidogo halafu inakatika kabla noti haijaisha, na kwa mbali nasikia watu wakiongea redioni. Nimepima mguu wa kolekta wa transista ya pili nikapata volti 1.2. Je, nimeunguza transista? Na ni kweli kwamba fazi ya maana lazima iwe ya transista za germanium, zile za kizamani za kabla ya silikoni? Babu aliacha redio ya zamani yenye transista hizo, nafikiria kuifungua.*

Hujaunguza kitu, mdogo wangu. Kabla hujanunua chochote, chomoa betri, toa zile BC547 mbili uzigeuze: upande bapa uliokuwa unatazama kushoto sasa utazame kulia. Zirudishe, weka betri, pima tena.

Sababu ni hii. Shika 2N3904 upande bapa ukikutazama na miguu ikielekea chini. Kutoka kushoto kwenda kulia utakuta miguu yake mitatu: emita, beisi, kolekta. Shika BC547 vivyo hivyo, utakuta kolekta, beisi, emita. Mwenye duka hakukudanganya, kwa kazi ya namna hii hizo mbili ni ndugu kabisa, ila ndugu hawa wamepeana mgongo. Na kwa kuwa beisi imekaa katikati kwa zote mbili, hakuna kilichotoa moshi wala kupata joto, ndiyo maana hukushtuka. Transista iliyobadilishiwa emita na kolekta haifi. Inafanya kazi kinyumenyume, na badala ya kukuza mkondo mara mia mbili au tatu, inakuza mara chache tu.

Ile volti 1.2 ndiyo iliyoniambia. Kwenye saketi hii transista ya kwanza kazi yake mojawapo ni kuibana ya pili isifunguke sana. Ya kwanza ikiwa dhaifu haiwezi kubana, mkondo wote unaoshuka kwenye resista ya 33k (ohm elfu 33) unaingia kwenye beisi ya pili, na ya pili inabaki wazi moja kwa moja, kama bomba lililokatika koki. Mawimbi ya gitaa yakifika hapo hayana nafasi ya kupanda wala kushuka. Kinachopenya ni kile kishindo cha mwanzo cha noti, kisha kimya. Ukikuta fazi inayokatakata namna hiyo, mita kwanza, chuma cha kulehemu baadaye.

Na ukiwa bado na hasira na BC547, nikuonye kuhusu C1815 na C945, maana ndizo utakazozikuta kwenye kila ubao wa redio au televisheni ya zamani inayochinjwa Kariakoo au Luthuli Avenue kule Nairobi. Ni transista nzuri sana kwa fazi. Lakini miguu yake, upande bapa ukikutazama, ni emita, kolekta, beisi. Beisi iko pembeni! Hizo ukizichomeka kwenye mchoro wa 2N3904 kugeuza hakutakusaidia, itabidi uipinde miguu ipishane, na uivalishe vipande vya ganda la waya isigusane. Mimi huwa sichomi transista moja kwa moja kwenye ubao. Nakata soketi ya IC (ya kuchomekea chipu) vipande vya matundu matatu matatu, nalehemu soketi, halafu transista naibadilisha kama balbu.

Sasa germanium. Nitalijibu kwa kuanzia mbali kidogo, kwa sababu jibu lake linategemea unaelewa fazi ni kitu gani.

Fazi ilianza kama ubovu. Huko Nashville, Marekani, walikuwa wanarekodi wimbo wa Marty Robbins uliotoka mwaka 1961 (naam, ni kantri, muziki wa wazee wetu waliompenda Jim Reeves). Grady Martin alikuwa anapiga gitaa la besi la nyuzi sita, na njia moja ya mashine ya kuchanganyia sauti ikaharibika katikati ya kazi. Badala ya besi ya kistaarabu ikatoka sauti ya nyuki ndani ya debe. Wakaiacha hivyohivyo. Fundi mitambo, Glenn Snoddy, akishirikiana na Revis Hobbs, akatengeneza saketi ya transista inayoiga ule ubovu, na kampuni ya Gibson ikaiuza kuanzia 1962 kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Ilitumia betri mbili za volti 1.5, jumla volti 3 tu. Watu hawakuielewa sana mpaka Keith Richards wa Rolling Stones alipoitumia kwenye wimbo mmoja wa 1965, ndipo maduka yakaishiwa.

Jirani zetu wa Zambia waliijua vizuri. Miaka ya 1970 bendi kama WITCH na Amanaz, na mtu kama Paul Ngozi, walilijengea gitaa la fazi muziki mzima ambao leo unaitwa Zamrock. Na Kinshasa, Konono No. 1 walifika mahali hapohapo bila pedali yoyote: likembe zao (ala za vyuma zinazopigwa kwa vidole gumba) walizifungia maikrofoni walizojitengenezea kwa sumaku za vipuri vya magari, wakazipitisha kwenye spika za tarumbeta, vifaa vikazidiwa, na kuzidiwa kwenyewe kukawa ndiyo sauti yao.

Kwa hiyo unachojenga ni amplifaya ndogo iliyopangwa vibaya kwa makusudi. Gitaa linaleta wimbi dogo la mviringo, transista mbili zinalikuza mpaka linagonga dari na sakafu ya volti zilizopo, na wimbi linakatwa vichwa juu na chini, linakuwa la mraba. Hapo ndipo ule mkwaruzo unapozaliwa. Namna linavyogonga dari, kama linagonga juu na chini sawasawa au upande mmoja unaanza, hiyo ndiyo tofauti kati ya fazi moja na nyingine. Na jambo hilo linaamuliwa na volti ulizoziweka kwenye kolekta kuliko jina lililoandikwa kwenye transista.

Fazi inayozungumzwa zaidi, Fuzz Face, ilitoka London mwaka 1966 kwa kampuni ya Arbiter, ikiwa kwenye kile kiboksi cha duara walichokichukulia umbo kwenye kitako cha stendi ya maikrofoni. Za mwanzo zilikuwa na transista za germanium NKT275. Muongo ule ulipokuwa unakaribia kuisha, kiwandani kwenyewe wakahamia silikoni, BC183 na BC108, na Jimi Hendrix alipiga zote, za zamani na za silikoni. Sauti ya germanium ni laini zaidi, sikatai. Inakwaruza kwa upole na inasafishika vizuri ukipunguza volyumu ya gitaa. Lakini germanium ina ugonjwa mmoja unaotuhusu sisi kuliko Waingereza: joto. Transista hizi huvujisha mkondo hata zikiwa zimefungwa, na uvujaji huo huongezeka takriban maradufu kwa kila nyuzi 10 za joto. Chumba cha London chenye nyuzi 15 ukikilinganisha na jukwaa lenye nyuzi 35, uvujaji umeshakuwa mara nne. Volti ulizozipanga asubuhi zimehama, na fazi yako imekuwa kitu kingine.

Niliwahi kuwa nayo. Niliijenga kwa transista za redio, nikaipanga usiku, Dar, feni ikiwa juu ya kichwa. Ilikuwa tamu kweli. Kesho yake tukapiga kwenye harusi ya mchana, Januari, chini ya turubai. Kufika wimbo wa tatu ikaanza kukohoa, wa tano ikanyamaza. Nikamaliza harusi kwa sauti safi, na hakuna aliyelalamika isipokuwa mimi.

Kuna mengine mawili. Karibu germanium zote utakazozitoa kwenye redio za zamani ni za aina ya PNP, ambazo katika saketi ya asili zinataka chanya ndiyo iwe ardhi, yaani njia ya pamoja ya saketi. Ukiichomeka pedali kama hiyo kwenye adapta moja na pedali zako nyingine, ambazo ardhi yake ni hasi, unaunganisha chanya na hasi moja kwa moja. Na ule uvujaji hudanganya mita: kipimo cha hFE (transista inakuza mkondo mara ngapi) kitasoma 120 wakati nguvu halisi ni 80, kwa kuwa mita inahesabu mkondo unaovuja kana kwamba ni kazi. Anza na silikoni, kama hizo BC547 zako. Ukishaijua saketi kwa masikio na kwa mita, germanium utaijaribu siku ya mvua.

Turudi kwenye ubao wako. Nitaipita saketi yote, ambayo ni ileile ya Fuzz Face, ili uilinganishe na ulivyounga, maana michoro inayozunguka mitandaoni mingine ina makosa.

Waya wa gitaa unaingia kwenye kapasita ya mikrofaradi 2.2, na kapasita hiyo inakwenda kwenye beisi ya transista ya kwanza. Kama ni ya kemikali yenye chanya na hasi, chanya itazame beisi, kwa sababu beisi inakaa na volti 0.6 na gitaa halina kitu. Emita ya kwanza inakwenda ardhini moja kwa moja. Kolekta yake inapata umeme wa volti 9 kupitia resista ya 33k (mistari yake ya rangi: chungwa, chungwa, chungwa), na kolekta hiyohiyo inaungwa moja kwa moja kwenye beisi ya transista ya pili, bila kapasita katikati.

Emita ya pili ina kazi mbili. Kwanza, resista ya 100k (kahawia, nyeusi, njano) inatoka hapo na kurudi kwenye beisi ya kwanza. Huo ndio mzunguko unaoifanya saketi ijipange yenyewe. Pili, emita hiyo inakaa juu ya pota (resista ya kuzungusha) ya 1k ambayo ndiyo kidhibiti cha fazi: mguu mmoja wa pembeni kwenye emita, wa pembeni mwingine ardhini, na wa katikati kwenye chanya ya kapasita ya mikrofaradi 22 ambayo hasi yake iko ardhini. Ukizungusha mpaka mguu wa katikati ufike upande wa emita, kapasita inameza mawimbi yote yaliyokuwa yanarudi nyuma kutuliza saketi, na sauti inalipuka. Usishangae kuona robo tatu ya mzunguko haibadilishi mengi na robo ya mwisho inabadilisha kila kitu. Ndivyo zilivyo zote.

Kolekta ya pili inafuata resista ya 8.2k (kijivu, nyekundu, nyekundu), halafu ohm 330 (chungwa, chungwa, kahawia), halafu volti 9. Sauti haitolewi kwenye kolekta. Inatolewa pale 8.2k na 330 zinapokutana. Wengi huunga kwa kolekta wakidhani mchoro umekosewa, kisha wanashtuka amplifaya ikipiga kelele ya kupasua sikio. Kolekta inapanda na kushuka karibu volti 8, kitu ambacho mlango wa amplifaya hauhitaji. Zile resista mbili zinagawa na kukuachia sehemu moja kati ya 26 hivi. Ukiona sauti ya fazi ikiwashwa ni ndogo kuliko ya gitaa tupu, ondoa 330 uweke 470, au hata 1k. Kutoka hapo kapasita ya nanofaradi 10 inapeleka sauti kwenye pota ya volyumu ya 500k. Ukikosa 500k na ukapata 100k, itumie, lakini kapasita iongeze mpaka nanofaradi 47 au 100, la sivyo nyuzi nene zitakonda.

Sasa fanya hesabu pamoja nami, uone kwa nini nilisema volti ni muhimu kuliko jina. Transista za silikoni zikikaa sawa, emita ya pili itasoma karibu volti 0.7. Imekaa juu ya 1k, kwa hiyo mkondo ni miliampea 0.7. Mkondo huo ukipita kwenye 8.2k na 330 unadondosha karibu volti 6, na kolekta inabaki na 3. Mpangilio wa asili uliwafaa Arbiter kwa transista zao. Sisi tunataka kolekta ya pili ikae katikati ya betri, yaani 4.5, ili wimbi ligonge juu na chini kwa haki. Ondoa 8.2k, weka mahali pake pota ndogo ya kurekebishia ya 10k, ile ya kuzungushwa kwa bisibisi, uizungushe huku mita ikiwa kwenye kolekta mpaka isome 4.5. Utakuta imesimama karibu na 6k. Kolekta ya kwanza wakati huo iwe kwenye 1.3 hivi. Hizo namba mbili zikikaa, fazi yako ni nzima.

Halafu isahau mita, chukua gitaa. Zungusha ile pota ndogo polepole huku ukipiga noti moja na kuiacha ife. Ukipandisha volti kwenda 6 au 7, mkia wa noti utaanza kukatika na sauti itakuwa kama velkro inayobanduliwa. Wapo wanaoipenda hiyo. Mimi huishia kati ya 4.5 na 5. Sikio lako likikataa 4.5, lifuate sikio.

Kuhusu nguvu za transista: BC547 ina herufi mwishoni. A inakuza kati ya mara 110 na 220, B kati ya 200 na 450, C kati ya 420 na 800. Watu hukimbilia C wakidhani kubwa ndiyo bora. Kwa fazi ni kinyume. C itakuletea mvumo, miluzi na vituo vya redio. Tafuta A, na kama mita yako ina yale matundu ya kupimia hFE, nunua kumi (ni bei ya kutupwa), zipime zote, yenye nguvu ndogo iweke ya kwanza na yenye nguvu zaidi ya pili. C1815 zenye herufi Y, za 120 mpaka 240, nazo zimo humo humo.

Wale watu wanaoongea kwa mbali si mashetani. Waya wa gitaa ni antena, na mlango wa beisi na emita unafanya kazi ileile ya dayodi ya redio za kale, unachuja sauti kutoka kwenye wimbi la kituo. Dawa ya kwanza ni boksi la chuma lililoungwa ardhini. Ukiwa bado juu ya meza na bredibodi, yaani ule ubao mweupe wa vitundu, utawasikia tu, vumilia. Dawa ya pili ni kapasita ndogo kati ya kolekta na beisi ya transista ya kwanza. Michoro mingine inasema pikofaradi 100. Mimi naona ni nyingi mno, maana transista huikuza na kapasita yenyewe, ikafanya kazi kama kubwa mara kadhaa, na makali ya gitaa yanapotea. Anza na 47, ukiona sauti imefunikwa blanketi shuka 22.

Umeme ni betri ya volti 9 tu, angalau kwa kuanzia. Saketi hii inakula chini ya miliampea 1, kwa hiyo betri inadumu kupita ulivyozoea, almradi ikatwe usipopiga. Njia ya mafundi ni kutumia soketi ya stereo upande wa kuingilia: hasi ya betri iunge kwenye mguu wa kati, ule wa stereo, na ardhi ya saketi kwenye mguu wa ardhi. Ukichomeka waya wa kawaida wa gitaa, shina lake linagusa yote mawili na umeme unapita. Ukichomoa, unakatika. Ukiweka taa ya LED yenye resista ya 4.7k, ujue taa hiyo peke yake inakula karibu miliampea 1.5, zaidi ya fazi yenyewe! Adapta ukiitumia, weka kapasita ya mikrofaradi 100 kati ya chanya na ardhi, na uijaribu dhidi ya betri: mvumo ukitoweka kwenye betri, mwenye kosa ni adapta.

Swichi ya mguu yenye miguu tisa ndiyo kipuri kitakachokusumbua kukipata, na bei yake huenda ikapita ya vipuri vingine vyote ukivijumlisha. Usikwame hapo. Weka swichi ya kawaida ya kidole yenye miguu sita, inatosha kupitisha gitaa pembeni ya saketi, ila taa utaikosa na itabidi uiname. Boksi la alumini linalotumika duniani kote, la sentimita 11 kwa 6 hivi, ni zuri, lakini boksi la chuma la soketi pacha, lile mafundi umeme wanalolizamisha ukutani, linafanya kazi hiyohiyo na liko kila duka la vifaa vya ujenzi. Ziba yale matundu ya mabomba kwa kipande cha bati, kwangua rangi pale ardhi inapogusa, tengeneza kifuniko cha chini. Ni zito, na uzito kwenye pedali ni sifa. Kopo la biskuti nimelijaribu, likakunjika kwenye kanyago la pili.

Kuna jambo hukuliuliza nami nitalisema, kwa vile unapiga solo na bila shaka unapiga rumba na dansi. Fazi haipendi noti mbili. Ukipiga nyuzi mbili kwa pamoja zikifuatana kama tunavyopiga kwenye sebene, saketi inazichanganya na kuzaa noti nyingine ambazo hukuzipiga, za jumla na za tofauti ya mawimbi yale mawili, na nyingi hazimo kwenye ufunguo wako. Inakuwa uji. Noti moja moja inakaa, na noti na ya tano yake inakaa. Kwa mengine yote, usizime pedali: punguza volyumu ya gitaa mpaka nusu. Saketi hii ina mlango wenye ukinzani mdogo sana, kwa hiyo inaongea na pikapu moja kwa moja (zile sumaku za gitaa zinazonasa mtetemo wa nyuzi, siyo za mizigo), na ukipunguza kidogo tu inasafika karibu kabisa, na kubaki na mng'ao ambao gitaa tupu halina. Kwa sababu hiyohiyo iwe ya kwanza kabisa kutoka kwenye gitaa. Ukitanguliza pedali nyingine inayotia nguvu mawimbi, hata ikiwa imezimwa, uhusiano huo unakatika na fazi inakuwa kali na bandia.

Na redio ya babu. Kama bado inashika kituo, usiifungue kwa ajili ya transista. Lakini kama ni ya betri, narudia, ya betri tu na isiwe ya kuchomekwa ukutani, ina kazi nyingine kwenye mradi huu. Fungua mgongo wake utafute pota ya volyumu. Kwenye mguu wa pembeni unaopokea sauti, lehemu kapasita ya nanofaradi 100 na waya, kwenye mguu wa pembeni mwingine unaokwenda ardhini lehemu waya wa ardhi, kisha uvitoe nje kwenye soketi. Usitumie betri moja na fazi, kila mmoja awe na yake. Sogeza mshale mahali pasipo na kituo, chomeka fazi, na una amplifaya ya mezani ya kupangia volti usiku bila kuamsha nyumba. Spika yake ndogo ya karatasi ikipigwa fazi inatoa kitu ambacho sijakisikia kwenye amplifaya yoyote kubwa. Ukishamaliza kugeuza zile BC547, niandikie kolekta zote mbili zimesoma ngapi.